Bolti za Marafiki Wapya

Shirika la Maji limetoa kijitabu cha miaka arobaini ya mapinduzi, na ndani yake wifi yangu kapewa mistari minne. Minne! Mkurugenzi ana kurasa sita na picha tatu, moja kavaa kofia ya kazi ambayo hajaivaa hata siku moja ya kazi. Wifi yangu wameandika kwamba "alihudumu katika karakana kwa uaminifu na bidii". Mlinzi wa geti naye kaandikiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Nilikipiga kijitabu chini. Mume wangu akakiokota, akakipanguza, akasema, "Wewe si ulikuwa karani? Taipu unaijua. Andika wewe." Basi naandika, na atakayenuna na anune.

Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi na wifi yangu hatukupendana. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo ni yeye aliyemlea mume wangu, akamvalisha, akampeleka shule, akamfundisha kushika spana. Siku nilipoletwa nyumbani kwao alinipima kwa macho kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akamuuliza mdogo wake kana kwamba mimi sipo, "Huyu ndoo anaweza kuinua?" Nikamjibu mwenyewe, "Ndoo nitainua. Wewe ndiyo sijui tutakuinua na nani." Tangu hapo tukawa tunasalimiana shingo upande. Karakana nzima walimwita Bi Kipimo, kwa sababu hakuamini kitu ambacho hajakipima. Hata chumvi ya kwenye chakula changu aliipima kwa ulimi na kutoa hukumu mbele ya wageni.

Kabla ya mapinduzi, maji ya mji huu yalikuwa ya kampuni ya kigeni. Wahandisi walikuwa wao, mafundi wakuu wao, na hata aliyeshika funguo za ghala la vipuri alikuwa wa kwao. Wifi alikuwa mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kuokota vile vinyuzi vinavyodondoka chuma kinapokerezwa, vinavyokata vidole kama wembe, na kuvijaza kwenye pipa. Alifanya hivyo miaka tisa. Lakini hakuwa anafagia tu. Alikuwa anafagia chini ya mashine moja mara tatu ili aone fundi anaweka gurudumu lipi la meno akitaka kukata hesi ipi. Hesi ni ile mistari inayoizunguka bolti, ndiyo inayoshikana na mistari ya ndani ya nati. Siku moja alimuuliza mkuu wa karakana habari za gurudumu moja kubwa lenye meno mia moja ishirini na saba, lililolala kwenye droo na grisi yake, halitumiki. Yule bwana alicheka mpaka akatoa leso. Akamwambia afagie.

Kisha yakaja mapinduzi. Sitayapamba wala sitayatukana, nitasema nilichokiona. Katika wiki moja kampuni ikawa mali ya wananchi, na picha za waungwana ukutani zikabadilishwa na picha za wanaume wenye ndevu. Wageni waliondoka kwa ndege mbili na kubeba michoro yote ya mabomba. Balozi wao alishusha bendera, akafunga mapazia, na majani yakaanza kuota kwenye ngazi za ubalozi. Meli iliyokuwa inatuletea vipuri iligeuzwa njiani ikarudi ilikotoka. Nchi tulizoambiwa ni marafiki zikawa maadui kabla ya chakula cha mchana, na nchi tulizotishiwa nazo tangu utotoni zikawa ndugu zetu wa damu. Sabuni ilipotea madukani. Lakini mimi niliyeishia darasa la nne nilifundishwa taipu bure, nikapewa kiti na meza, na mtu wa kwanza kuniita "komredi" alikuwa mkurugenzi. Mume wangu alijaribu kuniita hivyo nyumbani. Nikamwambia komredi ajipakulie mwenyewe.

Karakana ilibaki na mashine sita za kukereza na hakuna wa kuzigusa. Mwenyekiti wa Kamati ya Wafanyakazi, ambaye zamani alikuwa mfungaji wa mabomba, mtu wa sauti kubwa na moyo usio mbaya, aliitisha mkutano. Akauliza nani anaweza kukereza. Akauliza tena. Mfagiaji akanyoosha mkono, na ufagio bado kaushika. Weee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wifi aliuegesha ufagio, akawasha mashine ya tatu kutoka dirishani, na baada ya dakika ishirini akampa Mwenyekiti bolti ya moto pamoja na nati yake. Mwenyekiti akaiingiza, akaitoa, akaiingiza tena. Akasema, "Ufagio apewe mtu mwingine." Hilo mapinduzi yalilifanya, na hata mtu akinishika koo siwezi kulikana.

Kwa miaka mitatu aliziweka hai pampu za zamani kwa vipuri alivyovichonga mwenyewe. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa pampu, alimletea kilichovunjika na yeye alimrudishia kizima. Lakini pampu kubwa ilichoka kabisa, na nusu ya mji ilikuwa inapata maji siku mbili kwa wiki. Ndipo marafiki wapya wakatuletea zawadi: pampu mpya nzima, kutoka kiwandani kwao, katika masanduku kumi na mawili. Stakabadhi niliipiga taipu mimi. Alikuja pia mtaalamu wao mmoja, mtu mrefu wa kimya mwenye vidole viwili vilivyokatwa ncha, na wakampa mkalimani ambaye alikuwa mwalimu wa jiografia na lugha yao kaisoma miezi saba. Mtaalamu akizungumza dakika tano, mkalimani alikuwa anasema, "Anashukuru."

Mtaalamu aliitwa mkoani wiki mbili kutazama mitambo mingine, akaacha maelekezo ya kufunga, yenye picha. Tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa na haikusogezwa, maana balozi wa marafiki alikuwa anakuja na magari saba. Mume wangu alifunga kila kitu isipokuwa kifuniko kikubwa cha mbele, kile kinachokaa na bolti kumi na sita. Bolti zake hazikuonekana. Alizitafuta kwenye kila sanduku, chini ya majani makavu waliyofungia vyombo. Akaenda kwa Mwenyekiti, nami niko hapo hapo mezani kwangu nasikia. Mwenyekiti akamwambia, "Ghalani kuna bolti elfu. Chukua zinazoingia. Mapinduzi hayangoji bolti!" Akachukua zile za kampuni ya zamani. Zikaingia. Zilikuwa ngumu kidogo, akadhani ni rangi mpya iliyoingia kwenye matundu, akaongeza bomba kwenye mpini wa spana na kuzikaza kwa nguvu zake zote.

Siku ya uzinduzi tulivaa nguo safi. Hotuba zikatolewa, utepe ukakatwa, balozi akabonyeza kitufe, pampu ikaunguruma vizuri mpaka watu wakapiga makofi. Geji ya nguvu ya maji ilipofika sita, kifuniko kikaruka. Sijawahi kuona maji yenye hasira namna ile. Bolti ziliruka mpaka kwenye dari, mpiga tarumbeta mmoja akavunjika mkono, na balozi wa nchi rafiki akalowa hadi soksi. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo. Kabla sakafu haijakauka, mtu mmoja alishatamka neno, na likasambaa kama maji yale yale: hujuma.

Mume wangu alikamatwa akiwa bado ameshika spana. Walimfungia kwenye stoo ya makaratasi nyuma ya ofisi yangu, mlangoni wakamweka askari mgambo. Wizara ya Mambo ya Nje ikapiga simu: jibu litolewe ndani ya siku tatu, maana marafiki wanauliza kama sisi ni marafiki kweli. Kusema pampu yao ni mbovu haikuwezekana. Ilibaki mtu wa kulaumiwa. Na kila mtu alijua mhujumu anapelekwa wapi: kambi ya machimboni, miaka minane, na waliorudi kutoka huko walirudi na kikohozi ambacho hakiponi.

Hati ya mashtaka nani aliipiga taipu? Mimi. Karani alikuwa mmoja tu. Nilikaa nikaandika jina la mume wangu na neno "mhujumu" kwenye mstari mmoja, na nyuma ya ukuta namsikia anakohoa kwa vumbi la makaratasi. Nikakosea mara nne. Mwenyekiti alisimama dirishani, amenipa mgongo. Alisema, "Komredi, pole. Ni nchi." Nikamwambia, "Nchi ina kamati, mimi nina mume." Ninachoweza kumpa ni kwamba hakunifukuza.

Jioni waliniruhusu kumpelekea chakula. Hakula. Nilidhani ataniambia hana hatia, lakini alichosema kilinikata maini. Alisema, "Labda ni kweli. Labda sikuzikaza vizuri. Nimejaribu kukumbuka moja moja, zote kumi na sita, na sasa sina uhakika hata na moja." Mtu aliyefunga pampu miaka kumi na minne! Machimbo yalikuwa bado, lakini mikono yake walikuwa wameshamnyang'anya. Nilitoka pale nimepandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi.

Vielelezo, yaani bolti zilizookotwa, zilikuwa kwenye droo ya Mwenyekiti, zimefungwa kwenye kitambaa. Kesho yake asubuhi simu ya wizara ililia chumba cha pili, naye akakimbia. Nilifungua droo, nikachukua bolti moja, nikaitia kifuani. Ilikuwa ya baridi na nzito, na nilitembea hadi karakana nimekunja mikono kama mtu anayeumwa tumbo. Sikuwa na mwingine wa kumwendea. Niliapa siku moja kwamba mlango wa wifi yangu sitaugonga kwa shida, na hapo nikakila mwenyewe hicho kiapo.

Wifi alikuwa kwenye mashine yake, macho mekundu. Hakunisalimu. "Umekuja kunilaumu?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyemfundisha kukaza."

"Nimekuja na hii," nikasema, nikaitoa bolti mahali nilipoitoa.

Akatazama bolti, akanitazama mimi. "Umeiba kielelezo cha kamati."

"Nimeazima."

Aliipeleka dirishani. Hakuwa na haraka, yaani mimi roho juu na yeye anaigeuza bolti kama mtu anayechagua nyanya. Akatoa kile kipimo chake cha kubana, akapima unene, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Akapitisha ukucha kwenye hesi. Ndipo akaniita karibu. "Unaona huu unga wa kijivu ulioshindiliwa humu? Huu si wa bolti. Hiki ni chuma cha pampu, kimesagika. Angalia mistari ya kwanza mitatu haina kitu, na kuanzia wa nne imesagwa. Hii haikulegea. Hii ilikazwa mpaka ikatafuna tundu."

"Kwa hiyo alikaza?"

"Alikaza sana! Angekaza kivivu isingetafuna." Alikaa kwenye boksi, akajipiga paja. "Ala! Mimi mjinga. Hii ni bolti ya inchi. Kampuni ya zamani vitu vyao vyote vilikuwa vya inchi. Hawa wapya wanapima kwa milimita. Unene wa bolti hii na ile yao unapishana unywele tu, hata mimi kwa jicho sioni. Lakini hesi hazilingani. Zinakwenda pamoja mizunguko mitatu, halafu zinagombana. Fundi anasikia imebana, anadhani imefika."

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, akanikatiza. "Nyamaza. Tukisema hivi watasema dada anamtetea mdogo wake. Nataka bolti zenyewe. Pampu haiji bila bolti zake. Masanduku yalikuwa mangapi?"

"Kumi na mawili. Nimeandika mimi."

"Hapa yaliletwa kumi na moja. Niliyahesabu."

Sanduku la kumi na mbili nilikuwa nalipanguza vumbi kila asubuhi! Lilikuwa kwenye ofisi ya Mwenyekiti, chini ya picha za wale wenye ndevu. Lilipofika, lilikuwa dogo, zuri, limechapwa nyota nyekundu na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na mkalimani alikuwa hajapatikana bado. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba zawadi ya urafiki haifunguliwi ovyo. Inafunguliwa kwenye sherehe, mbele ya watu, kwa hotuba. Basi Mwenyekiti akaliona lina nyota, akajua ni zawadi, pengine sanamu ya kiongozi wao, akaliweka mahali pa heshima likisubiri siku ya maadhimisho. Juu yake tukaweka redio.

Nilitaka nikalivunje saa ile ile. Wifi akanishika mkono. "Thubutu! Ukilifungua wewe, watasema bolti umezitia wewe. Litafunguliwa na wao." Kisha akafungua droo ya mashine, akatoa gurudumu lile la meno mia moja ishirini na saba, bado na grisi ya zamani. "Mashine hii ni ya inchi," alisema. "Bila hili haiwezi kukata milimita hata ikilia. Wale mabwana walilileta na mashine, hawakulihitaji hata siku moja." Alilifunga, akachukua kipande cha chuma kinene, na mchana kutwa akakichonga tundu. Mimi nilirudisha bolti kwenye droo na kukaa mezani kwangu na uso wa karani.

Kikao kilikuwa karakanani, saa nne asubuhi. Palikuwa na kamati nzima, Mwenyekiti, afisa wa Mambo ya Nje aliyevaa suti ya kijivu, na mtaalamu aliyerudishwa haraka kutoka mkoani pamoja na mkalimani wake. Mume wangu walimleta akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Mimi nilikuwa na mashine yangu ya taipu juu ya pipa, niandike kila kinachosemwa. Mashtaka yakasomwa. Afisa akauliza kama kuna wa kusema jambo. Wifi akasimama.

"Mimi ni dada yake," alisema, "kwa hiyo msiniamini. Nitamwomba Ndugu Mwenyekiti afanye kazi kidogo, yeye mnamwamini." Akaweka kile kipande cha chuma kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akakibana vizuri, akatoa bolti mpya ya ghalani. "Ndugu Mwenyekiti, wewe ni fundi bomba wa miaka mingi. Tafadhali, kaza."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda kuonyesha. Alikunja mikono ya shati. Bolti ikaingia kwa vidole, moja, mbili, tatu. Ikabana. Akachukua spana akaongeza nguvu mpaka mshipa ukamtoka shingoni.

"Imekaza?" wifi akauliza.

"Imekaza hii! Hata tembo haitoi."

Wifi akachukua nyundo, akagonga mara moja ubavuni, akaishika bolti kwa kitambaa na kuivuta. Ikatoka nzima mkononi mwake, na unga wa kijivu ukamwagika sakafuni. Akamwonyesha Mwenyekiti, kwa upole kabisa, sauti ile ambayo mimi hajawahi kunitumia hata leo. "Ndugu Mwenyekiti, je, na wewe ni mhujumu?"

Akaeleza habari za inchi na milimita, kwa maneno aliyonieleza mimi. Kisha akasema bolti halali zipo katika jengo hili, na akaomba sanduku lenye nyota liletwe. Sanduku likaletwa, redio ikawekwa chini. Mtaalamu aliyatazama yale maandishi, akaweka mkono usoni. Walipolifungua, ndani mlikuwa na bolti kumi na sita, na nne za akiba, kila moja imeviringishwa karatasi ya mafuta. Wifi akaingiza moja kwenye tundu lake. Ilizama yote kwa vidole viwili.

Mtaalamu akaanza kuzungumza. Alizungumza muda mrefu, mara akionyesha vidole vyake vilivyokatwa. Mkalimani akasema, "Anasema kwao pia."

"Maneno yote yale ni 'kwao pia'?" afisa akafoka.

Mkalimani akajifuta jasho, akamwomba mtaalamu aseme taratibu, kipande kipande. Ikawa hivi: mapinduzi ya kwao yalipokuja, viwanda vyao vilikuwa na vipimo viwili vilivyochanganyika, na iliwachukua miaka kumi na mmoja kuvitenganisha. Kwenye kiwanda chake cha kwanza bolti iliruka na kumkata vidole. Walimchukua fundi aliyeifunga. Alikuwa mwalimu wake. "Anasema hakurudi," mkalimani alimalizia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Anasema aliyekosea alikuwa ni bolti."

Afisa akauliza swali nililokuwa nalisubiri tangu asubuhi. "Sasa sanduku hili nani aliamuru lisifunguliwe? Na nani aliamuru zitumike bolti za ghalani?"

Watu wote wakatazama chini. Mume wangu alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua, Mwenyekiti alikuwa anajua zaidi. Nisijifanye mtakatifu: mimi nilitaka atajwe. Siku mbili nilikuwa nimemsikia mume wangu akikohoa. Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe, vinasubiri. Afisa akamgeukia wifi. "Wewe unajua. Sema."

Wifi akajipangusa mikono. "Mheshimiwa, mimi nimekuja kumtoa mtu, sikuja kumwingiza mwingine. Nchi imebadili marafiki, bolti hazikuambiwa. Hilo ndilo lililotokea. Ukipeleka mtu machimboni leo, kesho bolti nyingine itaruka kiwanda cha nguo, na keshokutwa reli. Andikeni vipimo vitenganishwe nchi nzima. Nipeni magurudumu kama hili, nami nitachonga bolti zenye hesi mbili, upande huu inchi, upande huu milimita, mashine za zamani na mpya zikae pamoja."

Hapo Mwenyekiti akasimama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza kitu kikubwa. "Ni mimi," alisema. "Niliona nyota nikadhani ni zawadi. Na ni mimi niliyesema mapinduzi hayangoji bolti. Andika, karani." Nikaandika. Machozi yalinitoka na sikujua namlilia nani, maana dakika moja kabla nilikuwa tayari kumzika.

Afisa alitembea mpaka dirishani akarudi. Akaniamuru nifute "mimi" niweke "kamati", kwa sababu kamati haipelekwi machimboni. Nilifuta kwa furaha. Kisha, mkisikia kuwa binadamu ni kitu cha ajabu, mkubali: wakabishana saa nzima juu ya rangi za kutofautisha bolti. Wifi alipendekeza zile za inchi zipakwe nyekundu, kwa hatari. Mjumbe mmoja akaruka, nyekundu ni rangi ya mapinduzi, haiwezi kupakwa vitu vya mabepari. Mwingine akasema tuzipake za marafiki. Mwingine akauliza, kwa hiyo marafiki ndiyo hatari? Ilimalizikia njano na kijani, na mume wangu wakati huo wote amesimama pale bila mkanda, ameshika suruali.

Kesho yake walimwambia arudi kazini afunge kifuniko. Alisimama mbele ya pampu na spana mkononi, hakusogea. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Mtaalamu alimpa bolti ya kwanza, naye akaikataa kwa kichwa. Akaniangalia, akasema polepole, "Mwambieni mtu mwingine. Mimi sijui tena kukaza."

Wifi hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Moja." Mume wangu akaifunga moja. "Mbili." Akaifunga ya pili. Alimhesabia hivyo hivyo hadi kumi na sita, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kupanda ngazi, na walipofika kumi jasho lilikuwa linamtiririka mume wangu lakini mikono imetulia. Pampu ikawashwa. Hakukuwa na balozi wala tarumbeta. Geji ikapanda, tatu, nne, tano. Watu wakaanza kurudi nyuma hatua hatua, Mwenyekiti wa kwanza. Hata mtaalamu alirudi.

Ilipokaribia sita, wifi alikwenda mbele, akaweka kiganja chake juu ya kifuniko. Mimi si fundi. Sijui inchi wala milimita, na nilikuwa naogopa. Lakini niliona mume wangu yuko pale, na dada yake yuko pale, nikaenda nikaweka na mkono wangu. Chuma kilikuwa kinatetemeka chini ya vidole. Sita ikapita. Saba. Nane. Ikashika.

Mume wangu hakuangalia geji hata mara moja. Alikuwa anatuangalia sisi wawili, tuliokuwa hatuwezi kupikia jiko moja, tumeegemeza mikono kwenye kazi yake na vifua vyetu viko mbele ya bolti zake. Akaweka spana chini, akalia mbele ya kamati nzima, bila aibu, kwa sauti. Hakuna aliyemcheka. Wifi alinitazama, macho yake yamejaa vile vile. "Wifi," aliniambia, "mpeleke nyumbani akale. Kazi yake tumeipima, iko sawa."